Bomba la Sindano Katika Maji ya Nyamyumba

Ntwari aliaga dunia Alhamisi ya mvua. Alikuwa ametoka nyumbani kwao Nengo kwa pikipiki kwenda kupima joto la chemchemi za maji moto za Nyamyumba, pikipiki ikateleza kwenye kona. Kirezi, pacha wake, akabaki na bomba kubwa la sindano na geji ya maabara ya kupimia presha.

Mwalimu Valentin alikuwa amewapa kazi ya kuonyesha kwamba hewa ikibanwa hadi nusu ya ujazo wake, na joto lake lisibadilike, presha huwa mara mbili kamili. Nyumbani, presha ilizidi mara mbili kila walipojaribu. "Joto ndilo linalotuharibia," Ntwari alisema. "Tulitumbukize bomba kwenye maji yasiyopoa."

Baada ya mazishi mwalimu alimwita Kirezi pembeni.

"Andika namba za kitabu, binti yangu. Hakuna atakayekulaumu."

"Hapana, mwalimu. Nataka zetu."

Jumamosi akashuka Nyamyumba kwa miguu. Wazee walikuwa wamekaa katika maji moto wakitibu magoti. Akalizamisha bomba, akangoja hewa ya ndani ishike joto la maji, akaliunganisha na geji, kisha akasukuma kwa nguvu hadi nusu. Presha ikazidi. Akarudia. Ikazidi tena.

"We mutoto," bibi mmoja akamwita, "unapika nini mu maji? Chumvi iko wapi?"

Wenzake wakaangua kicheko. Kirezi hakucheka.

"Bibi, nisaidie kusukuma, mimi nisome geji. Kaka yangu ndiye aliyekuwa akisukuma."

Bibi huyo, Cansilde, alimtazama, akaacha mzaha na kunyoosha mkono. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye viungo. Akasukuma kidogo, akapumzika, akasukuma tena.

"Haraka kidogo, bibi."

"Mi? Hii vidole iliacha kukimbia zamani. We ngoja tu."

Kirezi akangoja. Mshale wa geji ulipanda taratibu, na bomba lilipofika nusu ukasimama kwenye mara mbili. Haukusogea.

Akabaki ameukodolea macho. Hewa ikibanwa ghafla hupata joto, na joto hilo linahitaji muda wa kutoka na kuingia majini. Ntwari hakukosea kuhusu maji. Wao wawili walikuwa na pupa, basi, na yeye hata leo alikuja nayo.

"Tena, bibi."

"Eh! Uyu mutoto ataniua!" Cansilde akalalamika, lakini akashika bomba. Wakarudia mpaka vidole vikamshinda, na kila mara mshale ulisimama palepale.

Jumatatu Kirezi ataonyesha darasani, bomba likiwa ndani ya beseni la maji. Atasukuma mwenyewe, polepole, na mwalimu Valentin atasoma geji.