Kilio cha Mgomba

Mama Julienne hakukosa kilio. Mtaa mzima wa Murara ulimjua: palipo na hema la msiba, yupo, palipo na sufuria la sombe, yale majani ya muhogo, mkono wake umeshaonja chumvi. Basi jirani yake Micheline, mwenye mdomo usiolala, alipomwambia kwamba kule juu kijijini Munigi Mama Katungu amekubali kumzika mtoto wake aliyepotea wakati wa volkano, Mama Julienne hakuwa na njia ya kukataa kwenda. Anayeenda kila kilio akikosa kimoja, watu huuliza kwa nini.

"Miaka yote alikatalaka," Micheline alisimulia njiani, kuni kichwani. "Eti Lionel atarudi. Sasa ndugu zake wamemuchokesha. Mwili haukuonekana, watazika mugomba. Lakini wewe, Mama Julie, Mungu alikupendaka! Gauthier wako alitoka hospitali muzima."

"Aksanti ya Mungu," alijibu Mama Julienne.

Kwa maana kijana aliyemwacha nyumbani akipasua kuni hakuwa Gauthier.

Gauthier alikufa kwenye barabara ya Sake siku mji mzima ulipokimbia, chini ya magurudumu ya lori ambalo nalo lilikuwa likikimbia. Wapita njia walimsaidia mama kumzika kando ya shamba la mtu. Lori lilikuwa limepinduka mbele kidogo, na msaidizi wa dereva aliropoka kabla ya kutoweka: "Dereva ni Lionel, mutoto wa Mama Katungu wa Munigi!" Mama Julienne akalibeba jina hilo hadi hospitali kama mtu abebaye panga. Alikwenda kulaani. Akamkuta kijana aliyetolewa kwenye lori lile, amefungwa kichwa chote, macho matupu, hajui hata yeye ni nani.

"Mama, huyu ni wako?" aliuliza muuguzi.

"Ni wangu. Anaitwa Gauthier." Na moyoni akaongeza: mama yake naye alie kama ninavyolia mimi.

Nyumba yake ya zamani ilikuwa imemezwa na lava, majirani wametawanyika kama kumbikumbi. Huko Murara alikokwenda kupanga, nani angemjua Gauthier wa kweli? Akamfundisha kijana utoto usio wake: kovu hili ulilipata juu ya mparachichi, wimbo huu baba yako alikuwa anakuimbia. Akamkataza kupanda Munigi, eti moshi wa mlima ni mbaya kwa kichwa chake. Kijana akatii, akamwita mama. Kisasi kikazoea kula naye sahani moja, lakini hakikufa.

Ndiyo sababu, tusifichane, siku ile miguu yake ilikuwa na haraka. Alitaka kumwona yule mama akigaagaa.

Uwanja ulikuwa umejaa. Wanawake walimenya viazi na kuteta watu.

"Muone shemeji, amekuja na viatu vya harusi!"

"Mwache, ndivyo anavyo tu."

Mama Katungu hakugaagaa. Alikuwa mwanamke mdogo, mdogo kuliko chuki ilivyomchora, amekaa mkekani kando ya kipande cha mgomba kilichovishwa shati la mwanawe. Alikuwa akikifukuzia nzi.

Aibu ikampanda Mama Julienne kutoka nyayoni. Angegeuka arudi, lakini Micheline alikwisha kumvuta mbele. "Mama Katungu, ndiye huyu! Yule aliyepataka mutoto hospitali!"

Mama Katungu akamshika mikono miwili. "Dada, mimi pia nilifika pale. Waliniambia kulikuwa kijana mumoja mwenye kuumia kichwa, lakini mama yake amemubeba. Nikafurahi. Nikasema, basi mama mumoja hatalia. Kumbe ni wewe! Unisaidie kumushika upande wa kichwa. Mukono wako uko na baraka."

Mjomba wa Lionel, Muzee Paulin, akagonga fimbo chini. "Tuinue. Na musikie wote: tukimuzika leo, amekufa. Hata akirudi, mulango huu hatapita."

Wakainua. Shimo lilikuwa limechimbwa kwa nondo ndani ya jiwe jeusi. Wengine wakashusha upande wao. Mama Julienne akabaki ameukumbatia mgomba.

"Mama, achilia."

"Siachilii. Huyu si Lionel. Ni mugomba."

"Tunajua ni mugomba!" mtu akacheka.

"Lionel iko kwangu," akasema. Akasema na mengine yote, ya lori, ya hospitali, ya jina, mbele ya watu wote aliowahi kuwapikia. Micheline akajiziba mdomo kwa mkono.

Muzee Paulin aliinua fimbo. Mama Julienne akainamisha shingo, akiitamani ile fimbo kama mwenye kiu.

"Mwache," alisema Mama Katungu. Akamgeukia Mama Julienne. "Anakulaka?"

"Anakula."

"Kichwa kinamuumaka?"

"Wakati wa mvua."

"Na wako, ulimuzika wapi?"

Swali hilo hakuna aliyewahi kumuuliza. Mama Julienne akatafuta pa kuweka uso wake, akakosa. "Kando ya barabara. Sikumufanyia kilio. Nilikuwa nimesema ni muzima."

Mama Katungu akajifunga kikwembe upya kiunoni. "Sikusamehe. Sijui kama nitaweza. Lakini tangulia. Utamwambia kwa kinywa chako yeye ni nani, na mimi niko nasikia."

Mama Julienne akashika barabara ya Murara. Nyuma yake kilio kizima kilimfuata, na hakuna aliyeimba.