Noti ya Bibi Zulaikha

Sumayiya alikuwa na kibanda Kamwokya, akinunua na kuuza noti za zamani, na kila noti aliipima kwa mwanga, kwa vidole na kwa pua. Ya bibi yake Zulaikha ilikuwa haina mfano. Haikuweza tena kununua hata kiberiti, maana serikali iliifuta zamani, lakini karatasi ilikuwa ngumu, pembe kali, haijakunjwa hata mara moja. Bibi aliihifadhi ndani ya msahafu tangu ujana wake. Mumbere, Mkongo mwenye kukusanya noti, alikubali kuinunua kwa bei ya kutosha kumtoa bibi mtoto wa jicho macho yote mawili. Alitaka kuipata vilevile ilivyo, basi.

Kabla ya siku ya kumpelekea kukawa na harusi Kyebando. Mjomba Jafar, mtoto wa kwanza wa bibi, alikuwa na mdomo mpana na mfuko mtupu, na wakwe zake walikuwa wanatazama nani atamtuza mwimbaji. Basi ngoma ilipokolea, mzee mzima akainuka akijitikisa, akachomoa noti kifuani, akailamba kwa ulimi wote, akaibandika kwenye paji la mwimbaji, katikati ya jasho na poda. Watu wakapiga vigelegele.

Sumayiya aliitambua ile noti. Alipita katikati ya wachezaji, akaibandua kwa ncha za kucha, nayo ikaja imelegea, ina poda mgongoni, na uzi mrefu wa mate ukining'inia. Astaghfirullah! Alimvuta mjomba kando akamuuliza ameitoa wapi.

"Kwenye msahafu wa mama," Jafar akasema, hana hata haya. "Ni hela mfu hiyo. Nilijua hakuna atakayeiangalia."

Kumbe alitaka sifa ya bure! Akaongeza kwamba ikioshwa kwa sabuni na kupigwa pasi itakuwa mpya. Maji yakimwagika hayazoleki, na mtu aliyeiba kwa mama yake hafundishwi kuhusu pasi.

Mumbere alipoiona aliishika kwa pembe, akaisogeza kwenye mwanga, akaikunjia pua. Akairudisha kwa upole, akasema pole.

Bibi alikuwa kitandani, macho yamefunikwa na ukungu mweupe. Aliomba aishike. Vidole vyake vikaipapasa polepole, vikasimama, akaisogeza puani.

"Hii ililowa," akasema. "Mate ya nani haya?"

Sumayiya hakuwahi kudanganya kuhusu noti. Akasema, "Ya Jafar, bibi."

Bibi akaiweka chini, akajifuta vidole kwenye shuka kimoja kimoja.

Asubuhi Jafar alikuja kumwamkia kama kawaida yake, akapiga goti, akautafuta mkono wa mama yake aubusu. Bibi hakumwona, ila sauti yake aliijua. Akauficha mkono chini ya shuka.