Kiraka cha Arobaini

Sitaficha, mimi mkono wangu mzito kutoa. Nyumbani kwangu ganda la boga huchemshiwa ng'ombe, mbegu zake hukaangiwa wageni, na soksi ikitoboka naifumua nikafuma glavu. Mume wangu Toktosun husema siku nikifa nitaacha wosia nizikwe kwa sanda ya mtumba. Na aseme. Baridi ikibisha hodi hapa kijijini kwetu Jangak-Suu, wote wanaonicheka huijua njia ya kuja jikoni kwangu.

Vuli ile tulikuwa na neema. Jozi, zile kokwa zenye ganda gumu, zilikuwa zikidondoka msituni hadi watoto wanashika vichwa wakipita, maboga yamejipanga juu ya paa la zizi, na zaidi ya yote nilikuwa na mjukuu. Jina lake Saikal, binti wa mwanangu. Kabla yake Kunduz, mke wa mwanangu, alipoteza mimba mbili. Kwa hiyo huyu alipolia mara ya kwanza, nilikwenda zizini nikalia na mimi, ili ng'ombe peke yake anione.

Kwetu mtoto akifikisha arobaini huogeshwa kwa vijiko arobaini vya maji, watoto wa jirani hukaangiwa mikate midogo arobaini, na mwenyewe huvikwa shati lililoshonwa kwa vitambaa arobaini, kila kimoja kutoka nyumba yake. Maisha marefu ya majirani wote yanamwingia mwilini, ndivyo tulivyorithi. Kushona kwa vipande vya bure, tena watu wanavitoa huku wanacheka! Kama kuna mila iliyotungwa kwa ajili yangu, ni hiyo.

Wiki mbili nilizunguka mlango kwa mlango. Huyu kanipa kona ya mtandio wake wa harusi, yule mfuko wa suruali ya mumewe dereva wa trekta, mwalimu kanipa ukingo wa kitambaa cha meza kilichomwagikiwa wino. Kila nyumba nilikunywa chai, na kila nyumba niliondoka na habari ambazo sikuziomba. Nyumba zenye watu, ukiondoa yetu, ni arobaini kamili. Nikafika thelathini na tisa, nikakwama.

Ya arobaini ni ya Zuurakan, ng'ambo ya uzio wetu. Mimi na yeye tulikuwa hatujasemeshana miaka saba.

Wakati ule binti yake alikuwa anaolewa. Zawadi yangu ilikuwa tandiko la viraka, kazi ya miezi mitatu, na kila aliyeliona alilisifu. Zuurakan akaligeuza huku na huku, akaweka kidole kwenye nyota ya buluu katikati, akasema mbele ya wageni wote, "Hili ni koti la marehemu mume wangu." Nikamwambia nililikuta juu ya uzio, nikadhani limetupwa. Akasema aliliweka lipate upepo. Nikamjibu kwamba anayeanika vyake kwenye uzio wa watu asije akalia. Ndiyo ikawa mwisho wa salamu.

Basi siku ya thelathini na tisa, asubuhi, nikamaliza shati. Kunduz akamlaza mtoto, akalichukua akaanza kuhesabu kwa kidole. Huyu ni msichana wa mjini, mila zetu alikuwa akizichekea kwenye kikombe. Sasa anahesabu kama karani wa ghala.

"Mama, hiki cha kwapani cha nani?"

"Cha jirani."

"Jirani gani?"

"Jirani ni jirani, mwanangu."

Akakisogeza dirishani. "Mama, hili pazia la jikoni. Na doa la nyanya hili hapa."

Nikasema doa la nyanya liko kila nyumba. Hakucheka. Akakaa kando ya kitanda cha mtoto, akasema taratibu, "Mimi haya mambo siyaamini sana, mama, unajua. Lakini wale wawili sikuwasikia wakilia. Huyu nimemsikia. Sitaki tuanze kumdanganya akiwa na siku arobaini."

"Basi niende kijiji cha chini nikaombe kimoja."

"Si ulisema lazima ziwe nyumba zinazoona moshi wetu?"

"Nani alisema?"

"Wewe. Mara tatu."

Mdomo wangu huu, siku moja utaniuza. Nilikwenda jikoni nikachinja boga, maana mtu haendi kuomba radhi mikono mitupu. Nikakatakata na vitunguu, nikatia pilipili manga, nikatia mafuta ya mkia wa kondoo vipande vidogo kama nilivyozoea. Nikayaangalia yale mafuta. Nikaona aibu, nikaongeza. Nikazikunja sambusa, nikazibandika tanurini, na zilipoiva nikazifunga kwenye kitambaa safi nikapita lango la mbele, kwa heshima, si kuruka uzio.

Zuurakan alikuwa amekaa uani anamenya jozi, vidole vimekuwa vyeusi hadi kwenye kucha. Hakuinuka.

"Salamu aleikum, Zuurakan."

"Aleikum salamu. Umekuja kuangalia kama nimeanika kitu?"

Nikafungua kitambaa nikaweka sambusa mbele yake. Akaitazama moja, akaipasua, akaitia mdomoni, akatafuna kama hakimu.

"Mafuta yapo," akasema. "Unaumwa?"

"Mjukuu wangu kesho ana arobaini. Nimepata nyumba thelathini na tisa."

"Nimesikia. Umepita kote, hata kwa Sabyr mlevi. Nilikuwa nakuona kutoka hapa, unakwenda na mfuko wako, unarudi na mfuko wako." Akapasua jozi kwa jiwe. "Mimi sina kitambaa. Ulishachukua."

"Nilidhani limetupwa..."

"Uulkan." Ndilo jina langu, na kwa miaka saba hakuwa amelitamka. "Siku za mwizi arobaini, nawe umefika nyumba ya arobaini. Sema sawasawa au nenda kwako."

Nilitaka kuondoka, wallahi. Nilishageuka. Kutoka pale niliona dirisha letu, na Kunduz amesimama nyuma ya kioo na mtoto begani, ananitazama. Nikarudi nikakaa chini, kwenye maganda ya jozi, nguo yangu ikaharibika.

"Nilijua," nikasema.

"Ulijua nini?"

"Koti lilikuwa na vifungo vyote sita. Hakuna mwanamke anayetupa nguo kabla hajakata vifungo. Wewe hukati? Mimi nakata. Hata Sabyr mlevi anakata. Nilipoliona pale nikaona vifungo, nikajua halijatupwa. Nikajua ni la nani. Lakini sufu yake ilikuwa nzuri na ile nyota ilihitaji buluu, nikajiambia maiti haoni baridi. Nilikuibia, Zuurakan. Na mbele ya wageni nikakufanya wewe ndiye mchoyo. Nisamehe."

Jozi tatu, nne, akazipasua. Mimi nilikuwa natazama vidole vyake tu, maana uso wake sikuuweza.

"Nilikuwa naliweka upeponi kila vuli," akasema mwishowe. "Nondo, unajua. Lilikuwa bado lina harufu ya tumbaku yake. Ulipolifua ikaisha. Hilo ndilo lililoniuma, si sufu."

Nikaanza kuokota maganda ya jozi miguuni pake, moja moja.

Akaingia ndani. Nikasema moyoni, amekwenda kuchukua ufagio. Akarudi na kibunda, akakifungua magotini: nyota ya buluu, yote, amefumua mshono kwa mshono kutoka kwenye tandiko langu na kuihifadhi. Akatoa mkasi, akakata ncha moja ya nyota, akanikabidhi.

"Unataka kukishona wapi?"

"Kwapani pana nafasi."

"Kwapani? Abdykerim wangu?" Akanikazia macho. "Mtu aliyekuwa anakaa mbele katika kila harusi? Kifuani, Uulkan. La sivyo nirudishie."

"Kifuani nimeshaweka mtandio."

"Utafumua. Si ndiyo kazi unayoipenda." Halafu, nilipokuwa nimefika langoni, akaniita. "Na vifungo vyangu?"

Vifungo vitano nilivileta muda ule ule kwenye kopo la chai. Akavihesabu juu ya kiganja.

"Cha sita nakiona kila siku kwenye kizibao cha mumeo," akasema.

Toktosun alikuwa anakunywa chai nilipomkata kile kifungo cha kifuani. Akauliza kuna nini. Nikamwambia anywe chai. Nikafumua nusu nzima ya shati, nikalishona upya hadi jua linazama, na Kunduz akahesabu mara mbili. Arobaini. Pazia la jikoni nikalirudishia kipande chake, kikakaa kimepinda.

Kesho yake wanawake walijaa nyumbani, watoto wamejipanga wakisubiri mikate, na Toktosun anapokea wageni kizibao wazi. Kijiko cha arobaini alimimina Zuurakan. Tulipomvika Saikal lile shati, Zuurakan akampakata, akaweka kiganja juu ya kile kiraka cha buluu kifuani. Kidole chake bado cheusi kwa jozi.

"Haya, mzee," akasema, si kwetu. "Ulikuwa unalia mjukuu, mjukuu. Mshike." Machozi yakamtoka, na hakuyafuta, kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi. Kunduz akalia. Mimi nikalia mbele za watu, bila kutafuta ng'ombe.

Siku mbili baadaye nilitoka asubuhi kwenda kushusha maboga kabla barafu haijayapiga. Juu ya uzio, upande wangu, lilikuwa limening'inia gauni kuukuu la kijani, pamba nzito, kitambaa cha kutosha mito miwili. Sikuligusa. Nikaweka boga chini nikazunguka, nikalitazama kwa mbali, nikatazama nyumba ya Zuurakan. Moshi unatoka, mlango umefungwa. Nikasogea hatua moja, kisha nyingine, nikainamia shingo ya lile gauni.

Vifungo vyote vilikuwa vimekatwa.