Macho Yasiyotulia

Macho yangu hayatulii. Tangu nizaliwe yanakwenda kushoto, kulia, kushoto, kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. Daktari alisema ndivyo yalivyo macho ya wengi wetu wenye ualbino: rangi haimo, na mwanga unaingia tu kama mgeni asiyebisha hodi. Nikitaka kuona vizuri nageuza uso upande, nachungulia kwa pembeni, hapo yanapoa kidogo. Uzi natunga sindanoni kwa ncha ya ulimi. Cheka utakavyo, mishono yangu haina kasoro.

Hayo shangazi anayajua. Ndiye aliyenilea, ndiye mwenye chumba cha cherehani tatu ninamoshona, na ndiye aliyenibandika jina la Saa ya Ukutani.

Jumatatu ilipotea satini ya bibi harusi, mita nne. Shangazi akatusimamisha mbele ya meza ya kukatia, mimi na bintiye, maana wenye ufunguo ni sisi wawili tu.

"Niangalie machoni," akamwambia bintiye. "Umechukua?"

"Sijachukua, mama." Macho makavu, yametulia kama vifungo vya koti.

"Haya, Saa ya Ukutani."

Nikamtazama. Dirisha lilikuwa nyuma yake, jua linawaka, uso wake doa jeusi tu. Macho yakaanza mbio, na nikiogopa ndipo yanapozidi. Nikageuza uso ili nimwone.

"Mbona unanikwepa?"

"Sikukwepi, shangazi. Ndivyo ninavyoona. Si unajua?"

"Ninachojua, msema kweli hageuzi uso."

"Basi funga pazia, nikutazame mpaka unichoke!"

"Mama, hebu yaone yanavyokimbia," binti akadakia. "Yanatafuta pa kutokea."

Utani mzuri. Ungekuwa wa mtu mwingine ningecheka. Shangazi akanyoosha mkono, nikampa ufunguo. Nikakikosa kiganja, ukaanguka. Nikapiga magoti kuupapasa sakafuni, wao wamesimama wananitazama.

Alhamisi shangazi akaja chumbani kwangu. Nilimtambua kwa mburuzo wa kandambili kabla hajasema hodi. Satini imeonekana: bintiye alimshonea shoga yake gauni, na shoga akapita nalo mbele ya duka mchana kweupe.

"Rudi kazini, mwanangu. Bibi harusi anasubiri."

"Na bintiyo umemwambiaje?"

"Aa, yule si bado mtoto." Mtoto wa miaka ishirini na sita. Akashusha pumzi. "Lakini na wewe jamani. Siku ile ungeyatuliza macho kidogo tu, haya yote yangetoka wapi?"

Jibu nilikuwa nalo, tena lenye pilipili. Lakini nilishabisha hodi kwa mafundi wanne wiki hiyo kuomba kazi. Wote waliniona nikisogeza kitambaa puani, wakasema watanipigia simu. Nikavaa kofia yangu pana.

"Nisamehe, shangazi," nikasema. "Nitajitahidi."

Naye, kwa moyo wake mkunjufu, akanisamehe.