Bi Majanga na Swali la Saba

Mtaani walimwita Bi Majanga, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Kwa miaka tisa alikuwa wakala wa bima ya afya, kazi ya kuingia duka kwa duka na begi la fomu begani, na hakujua namna nyingine ya kuanzisha mazungumzo ila kumuuliza mtu angefanyaje akianguka ghafla hapo alipo. Muuza viatu akimwona kwa mbali alijifanya anaongea na simu. Fundi cherehani alimwambia wazi kwamba tangu aanze kutembelewa naye haoti ndoto nyingine ila ajali. Bi Majanga hakujali. Alijiona ndiye taa ya mtaa.

Kitu ambacho mtaa haukukijua ni kwamba taa yenyewe haikuwa na bima. Mawakala hawakuwa waajiriwa wa kampuni. Walilipwa kwa kila mteja waliyemleta, na aliyetaka kadi alijaza fomu na kulipia kama mtu mwingine yeyote. Kila mwaka Bi Majanga alisema atajaza mwezi ujao. Faida zote za bima alizijua kwa ghibu, hata akafika mahali pa kuhisi kuzijua tu kunatosha.

Basi alipoanza kuchoka mchana, alilaumu jua. Sketi ilipokataa kufunga, alimwendea fundi cherehani akamgombeza kwa kubana nguo za watu. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, mtoto wake wa pekee alikwishaanza sekondari, na kwa hesabu zake mambo ya uzazi yalikuwa yamefunga duka kitambo. Alikwenda zahanati kuulizia dawa ya gesi. Muuguzi alimbonyeza tumbo, akatabasamu.

"Dada, hii si gesi. Huyu ni mtu, na ana miezi mitano."

Alicheka. Kisha akatafuta pa kukaa, maana muuguzi aliendelea kusema kwamba kwa kuwa mtoto wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, huenda na huyu ikawa hivyo hivyo, kwa hiyo ajiandae mapema. Mwingine angewaza kitanda cha mtoto au atamwambiaje mumewe. Yeye alichowaza ni maneno matatu: kipindi cha kusubiri. Kampuni yake haikugharamia uzazi mpaka mteja atimize miezi kumi na kadi mkononi. Kanuni hiyo alikwisha kuwaeleza watu wasio na idadi. Mwaka uliotangulia alimweleza msusi mmoja mjamzito, ndani ya saluni yake, mbele ya wateja wake, kwa sauti ya mwalimu mkuu. Alimwita mdogo wangu na kumuuliza alikuwa wapi siku zote hizo. Sasa swali lile lilimrudia mwenyewe. Alikuwa palepale siku zote, na fomu begani.

Alipofika nyumbani alitoa fomu moja akaketi mezani. Ilikwenda vizuri mpaka swali la saba: Je, mwombaji ni mjamzito kwa sasa? Akaandika "Hapana" kwa mwandiko mzuri kabisa. Akavaa koti la mvua la mumewe, akasimama mbele ya kioo, akabana pumzi aone kama atapita mbele ya daktari wa kampuni. Alionekana kama mtu aliyemeza begi lake. Tena alijua vyema, kwa kuwa yeye ndiye aliyewaonya wengine, kwamba uongo wa kwenye fomu hugunduliwa siku ileile mtu anapoihitaji kadi. Akaichana fomu vipande vipande, akavitia jikoni kwenye ndoo ya taka, akavifunika na maganda.

Kesho yake alimwendea meneja wake. Meneja alimsikiliza kwa huruma, kisha akamwomba amkumbushe jinsi wanavyowaeleza wateja habari ya kipindi cha kusubiri. Bi Majanga akaanza, na mdomo ukajiendea wenyewe, kwa upole uleule wa kila siku, mpaka kwenye maneno ya mwisho ya kumkaribisha mteja kwa uzazi utakaofuata.

"Ndiyo hivyo," meneja alisema. "Hakuna anayeieleza vizuri kama wewe."

Mumewe alikuwa seremala, mtu wa maneno ya kuhesabu. Alizisikia habari zote, ya mtoto na ya bima, huku akipiga msasa mguu wa kiti. Alipomaliza mguu huo, alimshika mkewe mkono. Kisha akasema kwamba chama chao cha maseremala kilikuwa kinachukua bima ya kikundi, na wake na waume wa wanachama wanaandikishwa mpaka Ijumaa. Hakumwambia mapema kwa sababu kampuni yenyewe ni ya wapinzani, wale ambao mkewe, wakiwa mezani, huwaita wauza karatasi.

Bi Majanga aliuliza kwa nini chama hakikuja kwake.

"Wakala wao haanzi na mtu kuanguka kutoka kwenye paa," mumewe alisema.

Kijitabu cha masharti kilikuwa kimewekwa chini ya meza ya kazi ili isiyumbe. Bi Majanga alikichomoa, akakisoma amesimama. Ukurasa wa kumi na moja ulisema kikundi chenye wanachama thelathini au zaidi hakina kipindi cha kusubiri kwa uzazi, hata kwa aliye na mimba tayari, mradi aiseme kwenye fomu. Alirudia mara tatu akitafuta mtego, kwa kuwa alijua mitego hukaa wapi. Haukuwapo. Kilichokuwapo ni hesabu: waliojiandikisha walikuwa ishirini na wanane, na siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Ndivyo Bi Majanga alivyogeuka mpiga debe wa wauza karatasi, bila malipo. Waliobaki walikuwa wawili, mzee mchonga milango na jirani yake, fundi wa kupaka vanishi. Alimwanza mzee.

"Mzee wangu, hebu fikiri, ukianguka ghafla hapo ulipo..."

Mzee akainua nyundo, akaendelea kugonga kwa nguvu kuliko kazi ilivyodai. Bi Majanga alisimama pale na maranda yakimwingia viatuni. Maneno ya miaka tisa yote yalikuwa tayari kichwani, na hakuna hata moja lililofaa. Mwishowe alilisema lile la kweli.

"Baba, nina mimba ya miezi mitano, na sina bima."

Nyundo ikasimama. "Wewe?"

"Mimi."

"Wewe uliyenifuata mpaka msibani na fomu?"

"Mimi huyohuyo."

Mzee alicheka mpaka akaketi juu ya mlango aliokuwa akiuchonga. Alijifuta macho kwa kofia, akaomba kalamu. Fundi wa vanishi, aliyesikia yote kupitia ukuta wa mbao, alikuja na brashi mkononi, akasema ikiwa hata Bi Majanga amekutwa hajajiandaa, basi jambo hili si la mchezo, naye aandikwe.

Ijumaa kijana wa tai wa kampuni ile alikaa kwenye benchi la karakana kupokea fomu. Fomu yao nayo ilikuwa na swali lile la mimba. Alilisoma akiikodolea macho kalamu, asimwaibishe mama wa watu.

"Ndiyo," Bi Majanga alijibu, kwa sauti iliyofika mpaka kwa mpiga msasa wa mwisho. Maseremala wakapiga makofi.

Mtoto alizaliwa kwa upasuaji, wa kike, mzima. Kadi ilipokelewa kwenye dirisha la malipo la hospitali bila neno. Siku ya pili Bi Majanga, akiwa hawezi hata kugeuka vizuri kitandani, alidai fomu ya kumwandikisha mtoto, kwa kuwa hakukusudia kukutwa tena. Fomu ilitaka jina, kila herufi katika kisanduku chake. Jina halikuwapo, kwani mama yake na mama mkwe wake walikuwa bado wanashindana, kila mmoja akitaka la kwake. Alijaribu la mama yake, likaishiwa na visanduku herufi mbili kabla ya mwisho. La mama mkwe likaingia lote.

Mama yake alipokuja kumtazama na kuuliza wamefikia wapi na jina, Bi Majanga alimnyooshea kidole mumewe aliyekaa kando ya kitanda, akafumba macho akajifanya amelala.