Nimempa, Nimesikia

Nyumbani kwao dawa ilitolewa kwa sauti. Mke alikuwa muuguzi wa wadi ya watoto, mume alikuwa mfamasia mwenye duka lake, na tangu mtoto wao azaliwe walijiwekea desturi ambayo hawakuwahi kuivunja: aliyempa mtoto dawa anapaza sauti, popote alipo ndani ya nyumba, "Nimempa!" na mwenzake anaitikia, "Nimesikia!" Wageni waliwacheka. Watu wawili waliosomea dawa, wanaitana kama makuli wanaopakia magunia. Lakini kila mmoja alikuwa ameshaona kazini mtoto aliyepewa kipimo na mama, kisha na bibi, kisha na shangazi, wote kwa nia njema. Hawakutaka yawakute hayo.

Mtoto walimwita Chiriku, kwa kuwa alianza kusema kabla ya kutembea na tangu hapo hakufunga mdomo. Alikuwa darasa la tatu. Katika miezi ya karibuni maneno yake yalikuwa yamepatiwa kazi. "Mwambie baba yako gesi imekwisha." "Mwambie mama yako leo nitachelewa." Wamekaa meza moja, wanakula chungu kimoja, na Chiriku anageuza kichwa huku na huku akipeleka habari ambazo kila mtu ameshazisikia.

Aliyechoka wa kwanza ni dada mkubwa wa mume, fundi cherehani ambaye alisema na watu huku pini ziko mdomoni na hakuna aliyewahi kumwona akimeza hata moja. Aliwaita dukani kwake, akawakalisha kwenye benchi la wateja.

"Mnatia kichefuchefu," alisema. "Wifi, uhamisho umepewa, wanataka jibu Jumatatu. Sawa. Jumamosi mchukueni mtoto mwende naye kwenye ile bustani ya michezo anayoililia tangu mwaka juzi. Siku moja tu, kama watu. Mkirudi hamjagombana, kataa huo uhamisho, muendelee kuvumiliana kama sisi wengine. Mkigombana, kila mtu ashike njia yake, mtoto naye apumzike. Na mtoto si simu. Mkitaka kuambiana kitu, ambianeni wenyewe."

"Na kama hatuna la kuambiana?" mume aliuliza.

"Nyamazeni. Kunyamaza si kugombana."

Mke aliondoka pale ameshaamua, ingawa hakumwambia mtu. Alitaka siku hiyo ipite salama. Mume huyu hakuwa mtu wa kujivunia kwa majirani, lakini nyumba ile alikuwa ameijua kila ufa, na kuanza upya na mtoto katika mji ambako hamjui mtu kulimtia baridi. Siku moja tu, alijiambia. Mwanamke anayeweza kumchoma sindano mtoto anayerusha mateke hawezi kushindwa kufunga mdomo siku moja.

Walifika Ijumaa jioni, wakapanga chumba katika nyumba ya wageni mkabala na lango. Dirishani lilionekana gurudumu kubwa, limesimama, viti vyake vikining'inia.

Asubuhi mume alipotoka kutafuta chai, Chiriku alitapika kwenye sinki. Hakutapika sana. Mama yake aliweka kiganja kwenye paji la uso na hakuhitaji kipimajoto. Aliyajua yatakayofuata. Mume angesema, "Nilijua tu," angevuta pumzi kwa puani kama afanyavyo, naye angemjibu, na kufikia saa nne wangekuwa wameshafika kwenye magomvi yao ya zamani. Alifungua mkoba. Alikuwa na dawa ya homa, na chupa ndogo ya dawa ya kuzuia kutapika ambayo katika wadi yao walikuwa wameanza kuiacha kwa watoto, kwa kuwa mara mojamoja iliwakaza misuli. Mara mojamoja. Alikadiria uzito wa mtoto, akavuta kipimo kwa bomba la plastiki, akakihakiki kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa sahihi.

"Usimwambie baba," alisema. "Atasema tusiende."

Chiriku alimeza, akafuta mdomo. "Hutaita?"

"Leo siiti."

Kisha akaingia kuoga. Bafuni alisikia mume amerudi, akasikia sauti yake ya chini na ya mtoto, kisha kimya. Alipotoka, wote wawili walikuwa wamekaa kitandani wamevaa viatu tayari, wakitazama ukuta. Aliona ni heri. Hakuna aliyelalamika kwamba chai imepoa.

Bustani ilikuwa imefurika. Mlangoni walifungwa bangili za karatasi, na ndani mtu aliyevaa vazi la sungura, masikio marefu kama vijiti vya kufagilia utando, alikuwa akipunga mkono na kukumbatia kila mtoto apitaye. Chiriku alipimwa kwenye ubao wa urefu, akapita kwa unywele. Alipanda farasi wa mbao. Alipanda gari moshi dogo. Mume alipiga picha, akasema, "Cheka basi," na Chiriku akacheka kwa utii.

"Leo mbona husemi?" mume alimwuliza mtoto.

"Nasema."

"Husemi. Tumekuja na Chiriku au tumekuja na bubu?"

"Mwache," mke alisema, kisha akaona neno limetoka kali, akaongeza, "anashangaa tu." Mume alitikisa kichwa kukubali. Walitazamana kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mtu kumeza jibu kwa ajili ya mwenzake, na mke alihisi kitu kama tumaini, ambacho hakukiamini.

Adhuhuri, katika choo cha wanawake, alipapasa paji la uso wa mtoto tena, akatoa chupa tena. Saa zilikuwa zimetosha. Alizihesabu mara mbili. Chiriku alitazama lile bomba kisha akamtazama mama yake, akafungua mdomo kana kwamba ana neno. "Haraka," mama alisema, na bomba likaingia.

Baada ya hapo mume na mtoto walikwenda kupanga foleni ya vikombe vinavyozunguka, mama akabaki kivulini na mkoba. Aliwaona kwa mbali wakisogea, mume ameinama anasema na mtoto, mkono mfukoni. Aliwaona wakikaa kwenye kikombe cha bluu. Kilipoanza kuzunguka aliuona uso wa Chiriku ukija na kwenda, ukija na kwenda, na katika mzunguko mmojawapo uso ule ulikuja umegeukia upande usio wake.

Kikombe kiliposimama, shingo ya Chiriku ilikuwa imepinda hadi sikio kugusa bega. Macho yalikuwa yametazama juu, yamekwama huko. Taya limefunga, ulimi umejitokeza kidogo pembeni ya midomo. Hakuzimia. Hilo ndilo lililokuwa baya: alikuwa anajua.

"Kifafa!" mtu alipiga kelele. "Mpeni kijiko aume!"

"Usimtie kitu mdomoni!" Mama yake alikuwa ameshafika, ameruka uzio. Sungura naye alikuwa amekuja mbio. Alijivua kichwa, akakitupa chini, ndani mkiwa na mwanamume wa makamo mwenye upara uliolowa jasho, akambeba mtoto hadi kwenye gari la huduma ya kwanza. Nyuma yao watoto wa watu walilia, si kwa ajili ya Chiriku bali kwa ajili ya kile kichwa kilicholala kwenye vumbi.

Hospitali ilikuwa karibu. Daktari wa zamu alikuwa binti wa umri wa mdogo wake mke, macho mekundu kwa kukesha, lakini mikono yake ilijua kazi. Aligusa paji la uso, akajaribu kuinua shingo, ikakataa.

"Homa ameanza lini?"

"Asubuhi," mke alisema.

Mume aligeuka, akamtazama.

"Kuna dawa yoyote amepewa?"

Chumba kilikuwa kidogo: kitanda, taa ya kusimama, pipa la sindano, kalenda ya mwaka uliopita. Mke aliona kwamba Jumatatu yake iko hapa, juu ya kitanda hiki, na kwamba akifungua mdomo ameivunja. Pia aliona taya la mtoto. "Nimempa," alisema. Lilitoka kwa sauti ya nyumbani, ile ya kupenya milango. "Dawa ya homa, na dawa ya kuzuia kutapika. Asubuhi na adhuhuri." Akataja jina na kipimo.

Alingoja. Hata yeye hakujua kwamba anangoja, mpaka mwitikio ulipokosekana.

Daktari alipiga hesabu. "Dawa hiyo inaweza kukaza shingo hivi. Lakini kwa kipimo hiki ni nadra. Na ana homa." Alimgeukia mume. "Baba, kuna kingine? Chochote?"

Mume alikuwa amesimama karibu na kalenda. "Hakuna," alisema.

"Basi siwezi kubahatisha. Homa na shingo ngumu, huenda ni homa ya uti wa mgongo. Nitaagiza dawa ya kulegeza misuli, iko stoo kuu, italetwa. Lakini maji ya uti wa mgongo nachukua sasa hivi."

Mke alikuwa amewashikia watoto wa wenzake kwa sindano ile mara zisizo na idadi. Alijua mkao. Alimlaza Chiriku ubavu, akamkunja magoti hadi tumboni, akamkumbatia kwa kifua chake ili mgongo ujae nje kama upinde. Shingo haikukubali kukunjika, kwa hiyo iliwachukua muda. Sindano ilishindwa mara ya kwanza. Chiriku hakuweza kulia kwa mdomo. Alilia kwa pua, mlio mwembamba, na macho yake, yaliyokwama juu, yalitiririsha machozi kuelekea masikioni. Mume alikuwa ametoka. Kupitia kioo cha mlango ulionekana mgongo wake.

Maji yalitoka meupe, safi kabisa, bila dalili ya homa ile.

Dawa ya kulegeza ilipoletwa, ilichukua muda mfupi wa kuudhi. Kwanza macho yalishuka, kisha bega likaachana na sikio, kisha taya. Chiriku alijaribu mdomo wake, akaufungua, akaufunga, kama mtu anayejaribu kitasa kilichotengenezwa.

"Nilitaka kusema," alisema.

"Kusema nini, mwanangu?"

"Kwamba baba naye alinipa. Ile ile ya kutapika. Ulipokuwa unaoga, aliponiona nataka kutapika. Na tena kwenye foleni ya vikombe."

Daktari, aliyekuwa anafunga trei, alisimama.

"Mbona hukuniambia?"

"Baba aliniambia nisikwambie wewe. Wewe uliniambia nisimwambie baba." Alifikiri kidogo. "Sasa ningemwambia nani?"

Mama yake alimfunika shuka hadi kiunoni, akaiweka sawa mikunjo, akatoka. Mume alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini. Aliponyanyua uso alielewa bila kuambiwa.

"Kipimo changu kilikuwa sahihi," alisema.

"Na changu."

"Nilidhani utaanza maneno. Nikasema siku ipite."

"Daktari alikuuliza."

"Wewe ndiye uliyeficha tangu asubuhi."

"Nilificha. Kisha nikasema. Ulikuwa umesimama pale, ukanisikia nimesema, ukasema hakuna."

Mume alitazama mikono yake. Hakuwa mtu mwovu, na mke alilijua hilo. Lingekuwa jambo jepesi zaidi angekuwa mwovu. Kwa mara ya kwanza katika miezi yote ile kosa lilikuwa limepata mwenyewe, na mwenyewe si yeye, na hakuweza kujizuia kulifurahia kwa dakika chache. Kisha akakumbuka sindano iliyoingia mara mbili.

"Ungekuwa wewe," mume alisema, "kama ningetangulia mimi kusema, ungesema?"

Alitaka kujibu ndiyo. Alilitafuta neno hilo kwa uaminifu, kama atafutavyo mshipa kwenye mkono wa mtoto mnene, asilipate. Wala hawakupandishiana sauti. Wauguzi wa zamu walipita na hawakugeuza shingo.

Simu ilipolia alikuwa wifi yake, na sauti ya cherehani nyuma.

"Enhe, mmefikaje? Mmegombana?"

"Hapana."

"Kweli kabisa?"

"Hatujagombana, wifi. Hata kidogo."

"Afadhali! Si niliwaambia?"

Aliporudi chumbani, daktari alikuwa ameshaangalia koo: mafindofindo, yamevimba, yana usaha. Kumbe ndiyo yaliyoleta homa. Mtoto angekaa usiku mmoja waone, kisha dawa ya maji kwa wiki moja. Chupa ilikuwa kwenye kabati la kando ya kitanda. Mume aliingia, akanawa mikono kwa makini kama dukani, akasoma lebo, akavuta kipimo kwenye mwanga. Chiriku alifungua mdomo. Akameza.

"Nimempa," mume alisema.

Mke alikuwa upande wa pili wa kitanda, mkono wake ungeweza kumgusa. Alikuwa akifungua ile bangili ya karatasi kwenye kifundo cha mkono wa mtoto, kwa kucha, polepole. Jumatatu hakuwa tena na la kufikiria: angeukubali uhamisho.

Chiriku alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Shingo sasa iligeuka vizuri pande zote mbili.

"Mama," alisema, "baba anasema amenipa."

Bangili ilikatika.

"Mwambie baba yako nimesikia."