Mkwe Aliyekuja Peke Yake

Hilaire alitoka Shituru, mtaa wa wafanyakazi wa kiwanda cha shaba, Jumamosi asubuhi, jua halijapanda, akiwa juu ya baiskeli isiyo na mzigo. Alikuwa anakwenda kumwambia mama mkwe wake kwamba Adrienne, mke wake, amekufa. Alikuwa amekufa Jumatano na kuzikwa Jumatano hiyohiyo, na mama aliyemzaa hakuwa amesikia hata kwamba mwanawe ana homa.

Usianze kumlaumu mapema. Sababu ya kumlaumu ipo, nitakupa, lakini si hiyo. Mwaka ule wa tisini na tano umeme ulikuja ukipenda, na chumba cha maiti kisicho na baridi wewe unakijua mwenyewe. Wamama wa parokia walimwambia, baba, huyu halali hapa hata usiku mmoja. Wakamwosha, wakamvika kitenge chake cha Pasaka, na jioni wakamrudisha mavumbini. Yule mama kule ng'ambo ya ziwa Tshangalele alikuwa labda anaanika samaki wake, hana habari.

Na habari ya kifo haipelekwi na mtu mmoja. Ulipaswa uwe na mwenzio wa kusema, wewe uinamishe kichwa tu. Lakini mwenzio atoke wapi? Kabamba, jirani aliyemsemea wakati wa kuposa, alikuwa kwenye mashimo ya malakiti, yale mawe ya kijani yenye shaba, hajulikani atarudi lini. Kaka yake Hilaire alikuwa amehamia Kolwezi. Gaston, mwenzake wa kazini, aliahidi kwa kiapo kwamba watakwenda wote, na alfajiri ile Hilaire alimngoja mbele ya nyumba hadi majogoo walipochoka kuwika. Ahadi ni deni, sawa, lakini mwaka ule hata madeni yalikuwa yamezoea kutolipwa. Basi akapanda baiskeli peke yake.

Alipita mtaa wa Kikula watu wakifungua vibanda vyao, akashika barabara kubwa ya Lubumbashi. Lami ilikuwa imebaki vipandevipande, na katikati ya vipande kulikuwa na mashimo ya kuzamisha mbuzi. Upande wa pili walikuja wanaume wa makala, yaani makaa ya kupikia, mmoja baada ya mwingine, wakisukuma baiskeli zenye magunia marefu kuliko wao wenyewe. Wote walikuwa wanakwenda mjini. Yeye tu alikuwa anautoka.

Akaanza kutafuta maneno. Mtu aliye peke yake njiani anaweza kusema kwa sauti, hakuna wa kumcheka, basi akasema: "Mama, Adrienne iko mugonjwa sana." Ndivyo wengi wanavyofanya. Unasema mgonjwa sana, watu wanafunga safari, na njiani kila mtu anaelewa kidogokidogo, hadi wanapofika wameshalia nusu. Hiyo ni huruma. Lakini huruma hiyo inataka maiti iwe bado ipo. Huwezi kumwita mama aje kumuuguza mwanawe, halafu umpeleke makaburini akaone udongo. Akalitupa neno hilo.

Kilomita kadhaa mbele akajaribu jingine: "Mama, Mungu alimukamata Adrienne." Hili lilikuwa zuri, la kikatoliki, lisilo na makosa. Lakini alijua swali litakalofuata, kwa sababu kila mama anauliza hilo: ulikuwa naye? Akashuka, akasukuma baiskeli kupanda kilima ambacho angeweza kabisa kukipanda amekaa.

Sasa nikueleze.

Adrienne alikuwa amelazwa siku mbili, malaria imempanda kichwani. Jumatano alfajiri Hilaire aliamka sakafuni kando ya kitanda chake, saa kumi na moja na nusu, bila kuamshwa na mtu. King'ora cha kiwanda kilikuwa kimenyamaza tangu mwaka uliopita, lakini miaka kumi na minane kilikuwa kimemwamsha, na mwili haujui kwamba kampuni imeanguka. Kule kiwandani hakukuwa na kazi. Mashine zilisimama, mabomba yanaota kutu, mshahara ulikuwa hadithi. Lakini kitabu kilikuwepo. Kila asubuhi wanaume walikwenda kutia jina kwenye kitabu, wakakaa, wakarudi nyumbani. Ukikosa mara tatu jina lako linakatwa, na aliyekatwa, siku ile unga wa kampuni utakapokuja, hana chake. Unga wenyewe hawakuwa wameuona tangu Noeli.

"Unaenda wapi?" Adrienne alimwuliza. Alikuwa amefungua macho, na usiku kucha hakuwa ameyafungua.

"Kutia jina. Minarudia sasa hivi."

Akamtazama, akafumba macho tena. Hakumkataza. Sasa, njiani, Hilaire angempa mtu baiskeli yake na nguo alizovaa, laiti siku ile Adrienne angalimkataza.

Akaenda. Akatia jina lake vizuri, na herufi ya kwanza yenye mkia kama alivyofundishwa na mapadri. Na hilo pekee lingesameheka. Lakini Gaston alikuwepo, na wengine wanne, wamekaa juu ya bomba, na mmoja alikuwa amesikia kwa shemeji yake kwamba Wazungu wapya wanakuja, Wakanada, kwamba mambo yataanza tena mwezi wa sita. Hilaire akakaa. Akauliza maswali. Hata alicheka, mara moja, Gaston alipomwigiza mkubwa wa karakana. Saa nzima, labda na zaidi. Aliporudi hospitali walikuwa wameshamfunika shuka hadi usoni, na mgonjwa wa kitanda cha pili alimwambia, "Papa, alikuwa anaita muntu." Hakumwuliza alikuwa anamwita nani.

Msiba wa kujitakia hauna kilio, wanasema. Na kweli Hilaire hakuwa amelia. Pale makaburini watu walimsifu kwamba ni mwanaume hodari.

Basi, Jumamosi hiyo, karibu na saa nne, alimkuta mtu wa makala amekaa kwenye ukingo wa barabara, anaziba tairi. Alisema jina lake ni Dodo, anatoka upande wa Kapolowe, ana siku mbili njiani. Akaitazama baiskeli ya Hilaire, kinga kama tunavyoiita.

"Yaya, kaka yangu, kinga bila mzigo? Unaenda kuoa?"

"Ninaenda ukweni."

"Paka weye moya? Bila mwenzio?" Dodo akacheka, akapiga goti lake. "Aah. Basi bibi alikukosea. Alifanya nini? Alichoma bukari, ugali yako, ao kinywa?"

Kwa sababu hivyo ndivyo ilivyo kwetu, na Hilaire alikuwa ameisahau desturi hiyo kwa huzuni. Mkwe anakwenda ukweni na wenzake. Mkwe anayefika peke yake, mikono mitupu, amekuja na jambo moja tu: kumshtaki mke wake kwa wazazi, na mara nyingi kumrudisha.

Hapo ndipo angeweza kulisema neno la kifo kwa mara ya kwanza, kwa mtu asiyemjua, pasipo na hasara. Mdomo ulifunguka. "Kinywa," akasema. "Iko na kinywa kikali." Na akacheka pamoja na Dodo, akamshikia tairi hadi gundi ikakauka, wakaagana kama ndugu.

Akavuka daraja la mto Lufira, akaacha lami, akashika njia ya mchanga inayofuata ziwa. Huku hakukuwa na mtu kabisa. Nyasi zilimpita kichwa pande zote mbili, na sauti pekee ilikuwa mnyororo wa baiskeli. Akakumbuka kwamba Adrienne alikuwa amemwomba njia hii kwa miaka mitatu. Twende tumwone mama. Na yeye: tutaenda kampuni ikilipa, siwezi kwenda ukweni mikono mitupu, watanionaje? Majuto ni mjukuu, wanasema wazee, na huyu maskini hakuwa na mtoto, seuze mjukuu. Miaka tisa ya ndoa, watu wawili tu kwenye nyumba ile ya kampuni, na sasa mmoja.

Alijaribu kuhesabu safari walizofanya pamoja, yeye na mkewe, wawili tu. Akapata moja, kwenda kwenye misa ya ubatizo Kambove, na siku hiyo walikuwa wamenuniana. Alikuwa mwema kwake, hakumpiga, hakulala nje. Lakini alikuwa amempa kiwanda asubuhi zake zote, hata kiwanda kilipokuwa hakizitaki tena. Jambo hilo lilimwuma kuliko kifo chenyewe, na akaona aibu kwamba linamwuma hivyo.

Basi akalitunga jibu la tatu, na hili ndilo alilolichagua: "Alikufa mikononi mwangu, Mama. Alisema jina lako." Akalirudia mara nyingi hadi lilipoacha kutetemeka. Alijiambia kwamba uongo huu si kwa ajili yake, ni dawa kwa yule mama. Hata mimi ningejiambia hivyo.

Alifika saa tisa mchana. Kijiji kilikuwa kitupu, wanaume ziwani, wanawake mashambani. Hakuingia uani, alisimama njiani, akapiga makofi polepole kama mkwe anavyopaswa. Mama mkwe wake alikuwa jikoni, ndani ya ukuta wa matete. Akatoa kiti kwa mkono tu, mkono mkavu wenye magamba ya samaki, na Hilaire akakaa akiupa ukuta mgongo. Katika miaka tisa hakuwa amemtazama mama huyu usoni, na mama hakuwa amemtazama yeye. Heshima ya ukwe ndiyo hiyo. Siku zote palikuwa na mtu wa kati wa kubeba maneno, na leo hakuwepo.

"Mukwe, unafika paka moya?" sauti ikauliza.

"Eyo, Mama. Paka moya."

Akasikia mama anaweka chini kisu.

"Basi minajua kitu kinakuleta." Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu aliyeyaandaa maneno kwa miaka. "Mukwe, ninaomba, usiseme kwanza. Acha minye niseme. Adrienne iko na kinywa tangu utoto. Minye nilimuzaa, minamujua. Kama alikutukana, ninapiga magoti huku nyuma, hunioni, lakini ninapiga magoti."

"Mama..."

"Ngoja. Na kama ni ile ingine, ya mimba, pale sina cha kujibu. Miaka kenda ni mingi. Bengine bangemufukuza zamani. Weye ulivumilia, na kila siku ninakuombea juu ya ile." Akavuta pumzi. "Ninaomba kitu kimoja tu. Kama unachoka naye, usimuache mu barabara. Umurudishe kwangu. Hata na nguo moya. Mi nitamupokea mutoto yangu, fasi yake iko."

Hilaire aliinuka. Alizunguka ukuta wa matete, jambo ambalo hakuna mkwe anayelifanya, akamkuta mama amepiga magoti kweli juu ya majivu. Mama akajifunika uso haraka na khanga kwa aibu. Hilaire naye akapiga magoti, akaishika khanga ile, akaishusha. Ulikuwa uso wa Adrienne, uliozeeka.

"Mama, siwezi kumurudisha," akasema. "Adrienne alikufa. Siku ya tatu, Jumatano ile, malaria. Tulimuzika ile ile siku. Hukumuona, na kosa ni yangu."

Mama hakulia. Alimkazia macho, macho ambayo kwa miaka tisa yalikuwa yanamkwepa, na midomo yake ikatafuta swali.

"Ulikuwa naye?"

Jibu lilikuwa tayari. Alikuwa amelibeba kilomita zote zile. Mikononi mwangu, Mama, alisema jina lako: maneno machache tu, na mama huyu angelala nayo mpaka kufa kwake, na hakuna mtu duniani angejua.

"Apana, Mama. Alibakia moya. Nilienda kutia jina ku kazi."

"Kazi gani? Banasema kazi ilikufa."

"Ilikufa. Nilienda tu. Kisha nikakaa kule na barafiki, tukazungumuza, nikacheka. Alikuwa anaita. Niliporudia, balikuwa banamufunika."

Na hapo ndipo alipolia, Hilaire, vibaya, kamasi zinatoka, mbele ya mama mkwe. Mama hakumgusa, wala hakusema pole. Alingoja mpaka akatulia.

"Étienne iko ku ziwa," akasema mwishowe. Huyo ndiye mumewe. "Atarudia sasa hivi. Utamwambia bile uliniambia minye. Usiache neno hata moya."

"Eyo, Mama."

Akainuka kwa kushika ukuta. Alivua kitambaa cha kichwani, akakifunga kiunoni, akatoka hadi katikati ya uwanja, na akaliita jina la mwanawe kwa sauti ambayo Hilaire aliisikia mifupani. Wanawake wakaanza kutoka mashambani, wanakimbia, majembe wameyatupa. Walimpita pande zote kwenda kwa mama, na hakuna aliyemsalimu. Hilaire akarudi kwenye kiti chake, akakaa akitazama upande wa ziwa, akimngoja baba mkwe.